Fritz Pregl, munganga aliyeifundisha kemia kutumia kidogo

Mwaka wa 2015, watafiti wa kampuni ya dawa ya Merck, huko Marekani, walionyesha jambo ambalo wakemia wa zamani wangeliona kama ndoto. Kwa muda usiofika siku moja, mashine yao ilifanya majaribio ya kemia zaidi ya 1.500. Kila jaribio lilifanyika ndani ya kishimo kidogo cha sahani ya plastiki, na mengine yalitumia miligramu 0,02 tu za kitu kilichokuwa kinachunguzwa. Ili msomaji apate picha: punje moja ya mchele ina uzito wa miligramu 20 hivi. Uzito wa punje hiyo moja ungetosha majaribio elfu moja.

Kazi ya namna hiyo ni sehemu ya ile ambayo siku hizi inaitwa kemia ya kijani, yaani kutengeneza dawa na vitu vingine bila kuharibu mali nyingi wala kumwaga sumu nyingi. Haja yake ni kubwa. Mwaka wa 1992, mkemia Roger Sheldon, aliyekuwa akifundisha Uholanzi, alitoa hesabu iliyowashtua wengi: kwa kila kilo moja ya dawa iliyotoka kiwandani, kilo 25 hadi 100 za takataka, hata zaidi, zilikuwa zinatupwa.

Lakini kabla ya roboti kushika kitu kidogo hivyo, ilibidi kwanza mikono ya mtu ijue kukipima. Mmoja wa watu waliofungua njia hiyo si mtu wa wakati wetu. Alikufa mwaka wa 1930, hakuwahi kusikia neno kemia ya kijani, na masomo yake ya kwanza ya chuo kikuu yalikuwa ya kutibu wagonjwa. Jina lake ni Fritz Pregl.

Mtoto wa Laibach

Pregl alizaliwa tarehe 3 Septemba 1869 katika mji ulioitwa Laibach wakati ule. Leo mji huo unaitwa Ljubljana na ni mji mkuu wa Slovenia, lakini siku zile ulikuwa chini ya ufalme mkubwa wa Austria na Hungaria. Baba yake, Raimund, alikuwa mtunza hazina katika benki ya mji. Alikufa mapema, Fritz akabaki na mama yake, Friderike.

Alipomaliza masomo ya sekondari, mwaka wa 1887, mama na mtoto walihamia Graz, mji wa kusini mwa Austria, kusudi kijana asome udaktari. Graz ikawa kwao. Ukiondoa miaka michache ya safari na ya kufundisha pengine, hakuutoka tena mji huo mpaka kifo.

Chuoni, profesa wa fiziolojia, Alexander Rollett, alimwona haraka. Pregl alikuwa bado mwanafunzi alipochukuliwa kuwa msaidizi wake. Mwaka wa 1894 alipata cheo cha udaktari, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuelekea kwenye chupa na mirija kuliko kwenye vitanda vya wagonjwa. Alichunguza mkojo wa binadamu, na alichunguza asidi za nyongo, zile zinazosaidia tumbo kuyeyusha mafuta ya chakula. Nyongo ndiyo itakayomfikisha mbali, ingawa hakuna aliyejua hivyo wakati ule.

Mwaka wa 1904 alikwenda Ujerumani kujiongezea ujuzi. Alipita Tübingen kwa Gustav von Hüfner, Leipzig kwa Wilhelm Ostwald, na Berlin kwa Emil Fischer, ambaye alikuwa mmoja wa wakemia wakubwa wa dunia. Mwaka uliofuata alirudi Graz. Mwaka wa 1907 alipewa pia kazi ya mkemia wa mahakama kwa sehemu ya kati ya jimbo la Styria, yaani kuchunguza sumu na vitu vingine vilivyohusu kesi. Ni kazi ambayo mara nyingi kidhibiti chake hakizidi tone au punje, na kikiharibika hakuna kingine.

Kuchoma ili kujua

Ili kuelewa alichokifanya, ni lazima tusimame kidogo kwenye kemia yenyewe. Isimwogopeshe mtu.

Mkemia akipata kitu kipya, akiwa amekitoa kwenye mmea, kwenye mwili wa mnyama au amekitengeneza mwenyewe, swali la kwanza ni hili: ndani yake kuna nini, na kwa kiasi gani? Kaboni ngapi, hidrojeni ngapi, nitrojeni ngapi? Bila majibu hayo hawezi kuandika fomula ya molekuli, na bila fomula hawezi kuitengeneza tena wala kujua kama alichotengeneza ndicho alichokitaka.

Njia ya kupata majibu ilikuwako tangu mwaka wa 1831, kazi ya Mjerumani Justus Liebig. Unapima uzito wa kitu chako, unakichoma ndani ya bomba la kioo lenye oksidi ya shaba. Kaboni yote inageuka gesi ya kaboni dioksidi, hidrojeni yote inageuka maji. Maji yananaswa katika chombo kimoja, gesi inanaswa katika chombo kingine. Unapima vyombo hivyo kabla na kisha. Uzito ulioongezeka ndio jibu lako.

Ni njia safi, na ilijenga kemia ya karne nzima. Lakini ilikuwa inakula. Kila mara mkemia alihitaji gramu 0,2 hivi au zaidi, na kupima mara moja hakutoshi. Nitrojeni ilikuwa na kipimo chake, salfa chake, klorini chake. Kilichochomwa hakirudi. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima akapata gramu moja ya kitu adimu aliweza kuiona yote ikiishia katika tanuru ili tu ajue ni kitu gani. Na tanuru yenyewe ilikuwa ndefu, ikiwaka gesi kwa masaa.

Mwaka wa 1910 Pregl alifika kwenye ukuta huo. Kwa kuvunjavunja asidi za nyongo alikuwa amepata kitu kipya, lakini kidogo sana, hakikutosha kuchomwa kwa njia ya Liebig. Alikuwa na barabara mbili. Ya kwanza ilikuwa kurudi nyuma na kuanza tena na wingi mkubwa sana wa nyongo, pamoja na viyeyushi na asidi zote za kuisafisha, pesa zake na miezi yake. Ya pili ilikuwa kukiacha kitu kilivyo kidogo, na kukipunguza kipimo chenyewe kimfuate.

Alichagua ya pili. Mtu anaweza kudhani ni jambo la wazi. Halikuwa wazi hata kidogo. Wengi wa wakati wake wangeagiza nyongo zaidi. Kwa maoni yangu, uamuzi huo wa mwaka wa 1910 ni mkubwa kuliko tuzo zote alizopata kisha.

Mzani wa wapima dhahabu

Hakuanza mikono mitupu. Katika mji uleule wa Graz, kwenye chuo cha ufundi, alikuwako Friedrich Emich, aliyekuwa tayari akifanya kemia ya vitu visivyo hai kwa vipimo vidogo sana. Pregl aliona kazi ya Emich na akajifunza kwake. Lakini vitu vyake yeye vilitoka kwenye miili yenye uhai, ni vya kuchomwa, na hapo mzani ndio ulikuwa kila kitu.

Huko Hamburg kulikuwa na fundi aliyeitwa Kuhlmann. Alitengeneza mizani ya kupimia madini ya thamani, kwa ajili ya watu wanaochunguza dhahabu na fedha safi. Wasomaji wetu wa Kamituga au wa Ituri hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu wa dhahabu ndiye aliyekuwa na mzani mzuri kuliko profesa. Mzani wa Kuhlmann ulikuwa unasoma hadi sehemu ya mia ya miligramu. Pregl hakutosheka. Alimsukuma fundi huyo kuuboresha mpaka ukaweza kubeba gramu 20 na bado kusoma sehemu ya elfu ya miligramu.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza kweli. Mzani mkali namna hiyo unaona kila kitu, hata usichotaka uone. Ukishika kichupa cha kioo kwa vidole, unakiachia unyevu na mafuta ya ngozi, na mzani unayahesabu. Mirija ya mpira inayounganisha vyombo inatoa hewa yake na unyevu wake. Kwa gramu 0,2 kosa hilo halionekani. Kwa miligramu 4 linaharibu hesabu yote.

Pregl aliyafuata makosa hayo moja kwa moja, kama mtu anayetafuta tundu katika bomba la maji. Mirija ya mpira aliilowesha kwa parafini. Bomba la kuchomea alilijaza kwa mpangilio wake mwenyewe: oksidi ya shaba, kromati ya risasi, fedha, na dioksidi ya risasi iliyotunzwa katika joto la digri 180 hivi. Kila kimoja kiliwekwa pale kuzuia gesi fulani isiende kupotosha kipimo. Hata namna ya kufuta vyombo kabla ya kuvipima iliwekewa kanuni: kwanza kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha ngozi laini, kisha kusubiri. Vyombo vingine alivitengeneza mwenyewe, kwa maana alikuwa na mikono ya fundi.

Miaka hiyo alikuwa Innsbruck, katika milima ya Tirol, ambako chuo kikuu kilimpa kiti cha profesa mwaka wa 1910. Kufikia mwaka wa 1912 aliweza kupima kaboni, hidrojeni, nitrojeni, salfa na klorini pamoja na ndugu zake, kwa miligramu 5 hadi 13, na majibu yakawa mazuri sawa na yale ya njia ya zamani. Baadaye alishuka hadi miligramu 3 hadi 5. Kutoka gramu 0,2 hadi miligramu 4 ni kupunguza mara hamsini. Kitu kilichochomwa kikapungua, oksijeni ikapungua, gesi ya tanuru ikapungua, na kazi ya masaa mengi ikaingia ndani ya saa moja hivi.

Yeye hakufanya hivyo kwa kuhurumia mito wala hewa. Alifanya kwa sababu alikuwa na kitu kidogo na hakutaka kukipoteza.

Vita, kitabu na Stockholm

Mwaka wa 1913 alirudi Graz kuongoza taasisi ya kemia ya udaktari. Mwaka uliofuata Austria ilimpa tuzo ya Lieben, na mwaka huohuo vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Katikati ya vita, mwaka wa 1917, alitoa kitabu chake juu ya uchunguzi wa vitu vya kikaboni kwa vipimo vidogo, kilichochapishwa Berlin. Ni kitabu cha mikono: kinamwambia msomaji ashike nini, afute vipi, asubiri dakika ngapi. Hakuficha siri ya kazi. Kilitolewa tena mwaka wa 1923 na mwaka wa 1930, kikatafsiriwa katika lugha nyingine.

Vita vilipokwisha, ufalme aliozaliwa ndani yake ulikuwa umevunjika. Laibach ikawa nchi nyingine, na Austria iliyobaki ilikuwa na njaa na uhaba wa makaa ya mawe. Katika hali hiyo, maabara ya Graz iliyojua kufanya kazi kwa miligramu haikuteseka kama zile zilizozoea magunia. Wakemia kutoka nchi mbalimbali walianza kuja kukaa kwenye meza zake ili kujifunza. Msaidizi wake Hans Lieb, ambaye alikuja kuchukua nafasi yake, alikuwa mkono wake wa kuume katika kufundisha. Mwaka wa 1920 hadi 1921 Pregl aliongoza pia chuo kikuu kizima kama rekta.

Mwaka wa 1923 alipewa tuzo ya Nobel ya kemia, peke yake. Mwaka huo tuzo ya udaktari ilikwenda kwa Frederick Banting na John Macleod kwa ajili ya insulini, dawa iliyowaokoa wagonjwa wa kisukari. Ukiziweka tuzo hizo mbili pamoja, ya Pregl inaonekana kama ya mtu wa nyuma ya pazia. Hakugundua dawa, hakugundua elementi mpya. Alichukua kazi ambayo kila mkemia alikuwa akiifanya tangu enzi ya Liebig, akaifanya ndogo. Wako waliojiuliza kama hilo linatosha kwa Nobel. Jibu lilikuja kutoka maabara za wengine.

Adolf Butenandt, Mjerumani, alitafuta homoni za mwili wa binadamu. Ili kupata miligramu chache tu za homoni ya kiume ilibidi wachuje maelfu ya lita za mkojo. Kwa njia ya zamani, kitu hicho chote kingeungua kabla fomula haijajulikana. Kwa njia ya Graz, sehemu ndogo ilichomwa na nyingine ikabaki kwa uchunguzi mwingine. Mwaka wa 1939 Butenandt naye alipewa Nobel. Miaka 20 kisha, yeye na wenzake walitangaza kitu ambacho kipepeo jike wa hariri anakitumia kumwita dume. Walikamua vipepeo nusu milioni wakapata miligramu chache. Homoni na vitamini nyingi za miaka hiyo ziliandikiwa fomula hivyo hivyo.

Mtu peke yake

Juu ya maisha yake ya nyumbani hakuna mengi ya kusimulia. Hakuoa. Alipenda kupanda milima, alipenda baiskeli, na motokari zilipoingia akazipenda pia. Wanafunzi wake walikuwa ndio jamaa.

Alikufa Graz tarehe 13 Desemba 1930, baada ya ugonjwa mfupi, akiwa na miaka 61. Kabla ya hapo alikuwa amekabidhi pesa nyingi kwa Akademia ya Sayansi ya Vienna, kusudi faida yake itolewe kama tuzo kwa mkemia wa Austria anayefanya kazi nzuri ya vipimo vidogo. Tuzo hiyo inabeba jina lake. Innsbruck kuna barabara yenye jina lake, na Slovenia, nchi ambayo haikuwako alipozaliwa, inatoa tuzo za Pregl kupitia taasisi yake ya taifa ya kemia. Austria wanamhesabu kuwa wao, Slovenia vilevile, na hakuna anayekosea.

Kutoka meza ya mtu hadi roboti

Njia aliyoifungua ilichukua muda kufika kwa wanafunzi wa kawaida. Katika miaka ya 1980, huko Marekani, walimu wa chuo cha Bowdoin na cha Merrimack waliona hewa ya maabara za wanafunzi wao ni mbaya. Badala ya kununua mashine kubwa za kuvuta hewa, walipunguza majaribio yenyewe, kutoka magramu hadi miligramu. Hewa ikasafishika, kemikali zikapungua, na gharama ikashuka. Ni Pregl uleule, ingawa safari hii ilikuwa katika kutengeneza vitu, si kuvichoma tu. Yeyote aliyepita katika maabara ya chuo cha mashariki ya Kongo, ambako chupa moja ya kemikali inavuka mipaka miwili kabla ya kufika na inafunguliwa kwa mashauri, ataona bila kuambiwa kwa nini jambo hilo linatuhusu.

Kisha zikaja roboti. Sahani yenye vishimo 1.536 inaingia kiganjani; mashine inadondosha matone, inachanganya, inasubiri na inasoma majibu, usiku kucha bila kuchoka wala kutoa jasho kwenye kioo. Mkemia aliyekuwa akijaribu njia moja kwa siku sasa anajaribu mamia, na anajua njia mbaya kabla ya kuipeleka kwenye pipa kubwa.

Lakini tusidanganyane. Sahani nyingi za plastiki zinatumika mara moja na kutupwa. Mashine hizo ni za bei kali, kama ulivyokuwa mzani wa Kuhlmann kwa maabara maskini za wakati wake. Na sehemu kubwa ya takataka alizozihesabu Sheldon haitoki kwenye maabara ya utafiti. Inatoka kiwandani, ambako dawa inapikwa kwa tani. Jaribio dogo linasaidia kiwanda pale tu ambapo wenye kiwanda wanakubali kuichukua njia safi iliyopatikana, hata kama inawalazimu kubadili mitambo.

Kipimo cha Pregl chenyewe hakijafa. Majarida ya kemia bado yanaweza kumdai mtafiti aonyeshe kaboni, hidrojeni na nitrojeni za kitu chake kipya, na tofauti na hesabu isizidi sehemu 0,4 kwa mia. Tangu miaka ya 1960 kazi hiyo inafanywa na mashine. Mtu anafunga kitu chake ndani ya kikopo kidogo cha bati, anakiweka kwenye mstari pamoja na vingine, na anakwenda kunywa chai. Mashine inakidondosha katika tanuru, inakichoma, inazitenganisha gesi na kuandika majibu kwa dakika chache. Katika kila kikopo kunawekwa miligramu 2 au 3.